Funga Mdomo, Tazama Kidole

Ukitaka kujua kama mfumo wa wanafunzi wa chuo fulani unatumika kwa urahisi, usianzie ofisi ya TEHAMA. Toka nje ya geti, tafuta steshenari iliyo karibu, usome kilichobandikwa ukutani. Katikati ya bei za kuprinti na fotokopi utaona huduma nyingine zimeandikwa kwa maka peni: kuomba chuo, kuomba mkopo, kusajili kozi, kutoa kontroo namba ya kulipia ada, kubadilisha nywila. Kijana aliyekaa nyuma ya kompyuta hajasoma chuo hicho wala hajaajiriwa nacho, lakini mfumo wake anaujua kuliko wahadhiri wengi. Anajua kitufe kipi kisibonyezwe mara mbili. Anajua ukurasa upi ukirudi nyuma kila ulichojaza kinafutika. Pembeni yake pana kauntabuku, na humo, mstari kwa mstari, yamo majina ya wanafunzi, namba zao za usajili na nywila zao, ili wakirudi muhula ujao asipate tabu ya kuwauliza tena.

Kauntabuku hiyo ni ripoti ya tathmini ambayo chuo hakikuiagiza. Kila jina lililomo ni la mtu aliyefaulu kidato cha sita, akachaguliwa kusoma shahada, kisha fomu ya mtandaoni ya chuo hicho hicho ikamshinda mpaka akaona bora alipe mtu amjazie. Kenya kazi hiyo hufanyika saiba. Jina tofauti, foleni ile ile.

Wakuu wa vyuo hawaioni kauntabuku. Wao huletewa takwimu: wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza wamejisajili kupitia mfumo, asilimia mia. Takwimu hiyo ni ya kweli na haina maana. Duka la mtandaoni likisumbua, mteja ananunua kwingine, na mwenye duka anaiona hasara jioni ile ile. Mwanafunzi hana pa kwenda. Asiposajili kozi hafanyi mtihani, kwa hiyo atang'ang'ana mpaka saa nane za usiku, ataamsha rafiki, atalipa steshenari, na mwisho wa yote atahesabiwa miongoni mwa watumiaji waliofanikiwa. Katika mifumo ya vyuo, idadi ya watumiaji inapima ukali wa kanuni za chuo. Mfumo wenyewe bado haujapimwa.

Kipimo kipo, tena si kipya. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotolewa 1998 na kurekebishwa 2018, kinauliza mambo matatu: je, mtu amekamilisha alichokuja kufanya, imemgharimu muda na nguvu kiasi gani, na ameridhika? Watu huyakumbuka hayo matatu wakasahau masharti yanayoambatana nayo, kwamba ni lazima useme ni mtumiaji gani, ana lengo gani, na yuko katika mazingira gani. Mfumo hauwi rahisi hewani. Unakuwa rahisi kwa fulani, akifanya jambo fulani, mahali fulani. Uliojaribiwa na mhandisi kwenye skrini pana, ofisini penye kiyoyozi na intaneti ya faiba, umethibitika kuwa rahisi kwa mhandisi.

Na kuna jambo pana zaidi, linaloitwa uzoefu wa mtumiaji. Aliyeueneza msemo huo ni Don Norman, aliyejiunga na Apple mwaka 1993 na kuuweka hata kwenye cheo chake cha kazi. Alitaka maneno yatakayobeba kila ambacho mtu anapitia na bidhaa, tangu kuinunua hadi kuomba msaada inapogoma, kwa sababu skrini ni sehemu tu ya habari. Kwa mwanafunzi wa Tanzania, habari hiyo inaanza kabla hajaliona geti la chuo. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo. Kuanzia 2010 maombi ya vyuo yalipita kwenye mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), lakini tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji anaomba moja kwa moja kila chuo, na akichaguliwa na zaidi ya kimoja anathibitisha kwa namba maalumu. Mwenzake wa Kenya anapita KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, halafu, tangu utaratibu mpya wa ufadhili ulipoanza 2023, anaomba ufadhili mahali pengine, ndipo aende chuoni kwake. Kila taasisi ina mfumo wake, nywila yake, na desturi yake ya kuandika tarehe ya kuzaliwa.

Tazama jambo dogo mno, namba ya mtihani wa kidato cha nne. Ndiyo kitambulisho kinachomfuata kijana wa Kitanzania kote huko: herufi S au P, namba ya shule, namba ya mtahiniwa, mwaka. Mfumo mmoja unataka mikwaju kati ya sehemu hizo, mwingine nukta, mwingine kistari. Ukikosea, maandishi mekundu yanakwambia muundo si sahihi, bila kukuonyesha ulio sahihi. Binadamu yeyote wa ofisini akiiona namba hiyo katika sura yoyote anaitambua. Kompyuta nayo ingeitambua kwa mistari michache ya programu. Aliyeunda mfumo aliamua kwamba kazi ya kupanga nukta ni ya kijana wa miaka kumi na tisa, na kazi ya kompyuta ni kumkatalia.

Sasa tumkalie kando mwanafunzi mmoja. Ni binti wa mwaka wa kwanza, wa aina utakayemkuta chuo chochote. Anataka kulipa hela ya hosteli. Simu yake ina ufa kwenye kioo, bando la siku linaelekea kuisha, na fedha ipo tayari kwenye M-Pesa, imetumwa na mjomba.

Anafungua tovuti ya chuo. Picha ya mahafali inajaza skrini, inageuka kuwa makamu mkuu wa chuo akipokea wageni, inageuka tena kuwa jengo jipya. Bando linaliwa. Mlango wa kuingilia mfumo wa wanafunzi hauonekani. Umo ndani ya vile vistari vitatu vya pembeni, chini ya orodha ya kurugenzi. Anaupata kwa sababu kiongozi wa darasa aliwahi kutuma picha ya skrini kwenye kundi la WhatsApp, akaizungushia duara jekundu. Anaingia. Hakuna palipoandikwa lipa. Kuna kitufe cha bili, kingine cha malipo, kingine cha ankara, vyote kwa Kiingereza cha kihasibu. Anabonyeza malipo, anakuta orodha tupu, maana hapo hukaa malipo yaliyokwisha kufanyika. Anarudi, mfumo unamtoa, anaingiza nywila upya. Anajaribu bili. Hatimaye, kwenye ankara, kontroo namba inatokea: tarakimu 12 zilizobanana, bila nafasi katikati, bila kitufe cha kunakili.

Hapa ndipo kinatokea kitu ambacho mbunifu wa mfumo hakukiwaza, kwa kuwa kinatokea nje ya mfumo wake. Binti anapiga *150*00#. Menyu inakaa juu ya kila kitu kwenye skrini. Anachagua malipo ya serikali, na inamwomba namba ya kumbukumbu, ambayo imebaki nyuma ya menyu. Akiifunga menyu ili akaisome, anaanza upya. Akisitasita, mtandao unamkatia. George Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1956 kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba takriban vitu saba kwa mkupuo; tarakimu 12 hazimo. Kwa hiyo anafanya wanachofanya wote. Anaazima kalamu kwa jirani, anaandika namba kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, anapiga tena, anaingiza huku akisoma mkono. Malipo yanapita.

Kwenye kumbukumbu za seva tukio zima limeandikwa hivi: ankara imetolewa, malipo yamepokelewa, hakuna hitilafu.

Utaratibu wa kontroo namba, ulioanza kutumika kwenye taasisi za umma za Tanzania mwaka 2017, ni mzuri. Umepunguza foleni za benki na risiti za kughushi, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na ukurasa unaoionyesha namba. Igawanywe nne nne, kiwekwe kitufe cha kunakili, na itumwe pia kwa ujumbe mfupi wa simu. Mtaalamu mmoja anaimaliza kazi hiyo bila zabuni wala kikao cha menejimenti. Haijafanyika kwa sababu hakuna aliyekiona kiganja.

Kuketi na kutazama ndiyo mbinu kuu ya fani ya kupima urahisi wa mifumo, na imezeeka kidogo. Clayton Lewis aliielezea akiwa IBM mwaka 1982: mpe mtu kazi ya kufanya, mwombe aseme kwa sauti anachokifikiria, kisha nyamaza uandike. Kinachoshinda wengi ni kunyamaza. Mtu aliyeujenga mfumo akiona kidole kinaelea juu ya kitufe kisichostahili, mkono wake unaruka wenyewe kuelekeza. Ukishaelekeza, umeliharibu jaribio. Atakapokuwa steshenari hutakuwepo kumwelekeza.

Kazi yenyewe itolewe kwa maneno ya mwanafunzi, yasiwe maneno ya menyu. Ukimwambia aende kwenye ankara, umempa jibu. Mwambie mjomba ametuma hela ya hosteli, ailipe. Mwambie hajaona alama zake za koswek za kozi fulani, atafute. Mwambie amebadilisha laini ya simu, chuo kiwe na namba mpya. Atumie simu yake, bando lake, na akae mahali ambapo kwa kawaida hukaa.

Kwetu kuna kikwazo ambacho vitabu vya California havikielezi vya kutosha, nacho ni adabu.

— Shikamoo mwalimu.

— Marahaba, mwanangu. Karibu. Hatukupimi wewe, tunaupima mfumo. Ukikwama ujue kosa ni letu.

— Sawa mwalimu.

Dakika chache baadaye kidole kimesimama. Anatazama skrini, anamtazama mwalimu, anatabasamu.

— Samahani mwalimu, mimi mambo haya siyajui vizuri.

Huyu anayesema hayajui anauza mitandio Instagram, anapokea oda, anatuma mizigo hadi Mwanza kwa basi, na hajawahi kufundishwa na mtu. Norman aliliandika hilo katika kitabu chake cha 1988 kuhusu ubunifu wa vitu vya kila siku: watu hujilaumu wenyewe pale kifaa kilichobuniwa vibaya kinapowashinda. Ongeza juu ya hilo heshima kwa mkubwa na hofu ya kuonekana mbumbumbu mbele ya mtu anayesahihisha mitihani yako, na ukimuuliza mwishoni mfumo anauonaje, jibu unalijua tayari: mzuri tu, mwalimu. Amini kidole. Na ikiwezekana, mwalimu atoke chumbani, jaribio lisimamiwe na mwanafunzi mwenzake aliyefundishwa kunyamaza.

Wangapi wanatosha? Swali hili limeleta mabishano ya muda mrefu, na ni vizuri uyajue kabla ofisi ya fedha haijakuuliza. Jakob Nielsen na Thomas Landauer walitoa hesabu yao 1993. Katika miradi waliyoichunguza, mtumiaji mmoja kwa wastani alifichua asilimia 31 ya matatizo. Ukiendelea na hesabu hiyo, watumiaji watano hufichua kama asilimia 85, na mwaka 2000 Nielsen akatangaza kwamba watano wanatosha. Mwaka uliofuata Jared Spool na Will Schroeder wakajaribu tovuti za manunuzi, wakakuta watano wa kwanza wamefichua asilimia 35 tu. Laura Faulkner naye mwaka 2003 alionyesha kwamba inategemea bahati: ukichota watano kutoka kundi la watu 60, mara watakupa karibu matatizo yote, mara watakupa asilimia 55.

Ninavyoona mimi, mabishano hayo yanawahusu zaidi wenye uwezo wa kuwajaribu hamsini. Chuo ambacho hakijawahi kumjaribu hata mmoja kianze na watano, kirekebishe, kiite watano wengine. Ila wasiwe watano wa idara ya kompyuta, ambao ndio huwa karibu na ndio huitwa. Mwaka wa kwanza ni kundi lake. Mwalimu wa shule ya msingi anayejiendeleza, anayeingia kwenye mfumo Jumamosi tu, ni kundi lake. Anayerudia kozi ni kundi lake, na huyo ndiye mfumo humsahau zaidi, maana kozi yake ni ya mwaka wa pili na yeye yuko wa tatu.

Baada ya kutazama ndipo uulize, na dodoso linalotumika zaidi duniani kwa kazi hii lilitungwa na John Brooke mwaka 1986, alipokuwa kampuni ya Digital Equipment nchini Uingereza. Linajulikana kwa kifupi kama SUS. Lina sentensi kumi, na mtu anajibu kwa namba 1 hadi 5 kuonyesha anakubali kiasi gani. Sentensi za namba witiri zinausifu mfumo, za namba shufwa zinaukosoa, ili anayeweka tiki bila kusoma agundulike. Hesabu yake inawatatiza watu bure. Kwenye witiri toa 1 kutoka jibu. Kwenye shufwa toa jibu kutoka 5. Jumlisha zote, zidisha kwa 2.5. Mwanafunzi aliyejibu 4, 2, 3, 3, 4, 2, 3, 4, 3, 3 anatoa jumla ya 23, yaani alama 57.5.

Alama hiyo si asilimia, ingawa inaishia 100, na ripoti nyingi za wanafunzi wa shahada za pili huteleza hapo hapo. Jeff Sauro alikusanya tafiti zipatazo 500 zilizotumia SUS, akapata wastani wa 68. Kwa hiyo 57.5 ni chini ya wastani wa kawaida, hata kama kwenye mtihani wa chuo ingekuwa alama ya kufaulu. Jambo la pili ni lugha. Mwaka 2006 Kraig Finstad alionyesha kwamba watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza hukwama kwenye sentensi ya nane. Mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu apewe dodoso kwa Kiswahili kinachosemwa, au kwa Kiingereza kilichorahisishwa, la sivyo unapima msamiati wake. La tatu, na Brooke mwenyewe alilisema kwa namna yake alipoliita dodoso la harakaharaka: SUS inakwambia mgonjwa ana homa. Haisemi ni malaria au ni jino. Ndiyo maana nimeiweka baada ya kutazama, na vyuo vinavyoanza nayo na kuishia nayo huambulia namba isiyoweza kumwelekeza mtaalamu ni ukurasa upi aufungue Jumatatu asubuhi.

Turudi kwenye ile orodha ya kurugenzi iliyomficha binti mlango wa kuingilia. Mwaka 2010 mchoraji wa Marekani Randall Munroe alichora katuni ya miduara miwili. Mmoja una vitu vinavyowekwa ukurasa wa mbele wa tovuti ya chuo kikuu: picha za kampasi, habari za wahitimu mashuhuri, barua ya mkuu wa chuo. Mwingine una vitu ambavyo watu wanavitafuta: fomu, kalenda ya masomo, namba za simu za walimu. Mahali miduara inapokutana pana kitu kimoja tu, jina kamili la chuo. Katuni hiyo imesambaa kila mahali kwa sababu kila mtu aliyewahi kutafuta kalenda ya chuo amejiona humo.

Chanzo cha pengo hilo ni cha kiofisi. Tovuti hupangwa kwa kufuata muundo wa utawala. Kila kurugenzi inataka kipande chake, kila kipande kinabeba jina la kurugenzi, na mwanafunzi anatakiwa ajue kwamba hosteli ziko chini ya huduma za wanafunzi lakini ada ya hosteli iko chini ya fedha, na ufunguo wa chumba hauko kwenye tovuti kabisa. Kuna njia rahisi ya kulifumbua hili, nayo haihitaji kompyuta. Kata manila vipande, andika kila huduma kwenye kipande chake, wamwagie wanafunzi mezani, waambie wapange vinavyokaa pamoja kisha kila fungu walipe jina. Hakuna kundi litakaloandika kurugenzi. Wataandika hela, mitihani, pa kulala, barua. Menyu ya mfumo imeshaandikwa hapo mezani, na mkurugenzi anayepinga apewe nafasi ya kupanga kadi hizo mbele ya wenzake.

Kuhusu kasi nitasema kwa kifupi. Mipaka inayotumika hadi leo ilitokana na utafiti wa Robert Miller wa 1968, na Nielsen akaitilia mkazo baadaye: chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde mtu anaona jambo limetokea papo hapo, sekunde 1 haimkatizi mawazo, sekunde 10 zinamfanya aondoke. Vyuo vinapima kasi Jumanne saa nne asubuhi katikati ya muhula, wakati mfumo hauna watu. Pima usiku wa siku ya mwisho ya kusajili kozi. Pima dakika kumi baada ya matokeo kutangazwa, wakati darasa zima linabonyeza kwa pamoja na kila asiyeona jibu anabonyeza tena, hivyo mzigo unaongezeka maradufu. Na ratiba ya matengenezo ya usiku wa manane itazamwe upya, kwa kuwa ndio wakati ambao mwanafunzi mwenye bando la usiku huwa mtandaoni.

Kuna kundi ambalo karibu kila tathmini niliyoisoma hulitaja kwenye aya ya mwisho, nalo ni la wanafunzi wenye ulemavu. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu 2010, na miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zifikike na wote imekuwepo tangu 1999. Mwanafunzi asiyeona anatumia programu inayosoma skrini kwa sauti: TalkBack iliyomo kwenye simu za Android, au NVDA kwenye kompyuta, ambayo ni ya bure na iliasisiwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, naye asiyeona. Vifaa hivyo vinafanya kazi. Kinachovishinda ni mazoea ya chuo. Ratiba ya mitihani inachapwa vizuri kwenye kompyuta, inaprintiwa, inagongwa muhuri, inaskaniwa, kisha inapandishwa kama picha. Programu ikifika hapo inanyamaza, kwa sababu kwake hakuna maandishi. Kitufe chenye alama ya diski bila neno lolote hutajwa kuwa kitufe, basi. Na mlango wa kuingilia unaodai usome herufi zilizopindapinda ili uthibitishe wewe si roboti unamfungia nje kabisa.

Mwalike mmoja wao akuketishe kando yake, azime kioo cha simu kama anavyofanya kila siku, afanye kazi zile zile za hosteli na koswek. Utajifunza mengi kuliko semina ya siku mbili, na marekebisho mengi utakayoyafanya yatawafaa pia wanaoona. Miongozo inataka maandishi yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na yeyote aliyejaribu kusoma maandishi ya kijivu kwenye weupe, chini ya jua la saa saba, anaujua umuhimu wake bila kuambiwa.

Matokeo ya kazi yote hii yaandikwe kwa kurasa mbili. Ripoti ya kurasa themanini inafungwa kwa jalada gumu, inakabidhiwa, na hakuna anayeisoma. Ukurasa wa kwanza uwe na matatizo yaliyowazuia watu kumaliza kazi, kila moja likiwa na mahali lilipotokea na wangapi walikwama. Wa pili uwe na yaliyowachelewesha. Yaliyowaudhi tu, rangi na nembo na mengineyo, yasubiri, hata kama ndiyo ambayo kikao kitapenda kuyajadili saa nzima. Pale inaporuhusiwa, ambatanisha video fupi ya kidole kilichokwama. Nimewaona wakuu wakibishana na namba. Na video hawabishani.

Lakini mahali penye nguvu zaidi ni kabla ya hapo, kwenye mkataba. Mifumo mingi hupokelewa kwa orodha: je, ina kipengele cha usajili? Ipo. Cha malipo? Kipo. Cha matokeo? Kipo. Tiki, tiki, tiki, mzabuni analipwa, na kipengele cha malipo kilichopo ndicho kile chenye vitufe vitatu na tarakimu zilizobanana. Orodha haina mstari unaouliza kama mwanafunzi amefanikiwa.

Kwa hiyo, ndugu msajili, ndugu mkurugenzi wa TEHAMA, na wewe rais wa serikali ya wanafunzi unayekaa kwenye baraza la chuo: mkataba ujao uwe na sharti moja la ziada. Malipo ya mwisho yatolewe pale ambapo wanafunzi watano wa mwaka wa kwanza, watano wanaosoma huku wakifanya kazi, na watano wenye ulemavu, kila mmoja kwa simu yake na bando lake, watakapojisajili, kulipa na kuona alama zao bila kumuuliza mtu. Akikwama hata mmoja, mzabuni arudi kazini, na hela ibaki chuoni.